Siku sita nafuata maji ya Mwanza, kuanzia Mirongo mpaka Kamanga

Jumapili

Nimeingia Nyegezi saa kumi na mbili jioni na basi la kutoka Dodoma, miguu imevimba mgongo unauma, ila jua lilikuwa bado halijazama na mi nilikuwa nalisubiri ziwa tu. Ukitoka stendi kwenda mjini unapita Butimba, Mkuyuni, Igogo, na ziwa linakuwa linatokea na kupotea kushoto kwako kati ya mawe na mapaa ya nyumba, mara unaliona lote limekuwa rangi ya shaba, mara limefichwa na jiwe kubwa kama ghorofa mbili. Mtu anayekaa Dodoma ambako maji ni ya kuyawazia kila siku, ukiliona lile ziwa kifua kinafunguka chenyewe.

Niseme kwanza nimekuja kufanya nini maana sijaja msibani wala harusini, nimechukua likizo nije kutembea tu. Mwaka jana kazini walinipeleka kozi ya wiki sita Delft, Uholanzi, mambo ya maji, na kila wikiendi nilikuwa napanda treni naenda mji wowote wenye mifereji, Amsterdam, Utrecht, Leiden, natembea kando ya maji asubuhi mpaka jioni sina ninachotafuta. Nilivorudi nikapita Mwanza kumsalimia mama mdogo nikamwonyesha picha zote kwenye simu. Akaziangalia moja moja bila haraka, mwisho akaniuliza, "Mayu (ndo mama kwa Kisukuma, anavyoniita), kumbe unapenda hivi mito ya mjini. Na huu wa hapa chini kwangu ushaufuata mpaka unapoishia?"

Mi nimezaliwa Mwanza, nimesoma Mwanza mpaka kidato cha nne, daraja la Mabatini nimelivuka mara zisizohesabika, na jibu lilikuwa hapana. Swali lile limenikaa moyoni miezi minane, ndo maana nipo hapa.

Kwa mama mdogo ni Mabatini, bondeni, karibu na mto. Nimeshuka kwenye bajaji giza limeshaingia, nikasema hodi, nikainua mguu kuingia nikajigonga kwenye zege. Mlangoni kajenga kizingiti kinachonifika chini kidogo ya goti, mara ya mwisho hakikuwepo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, inua mguu, hapo siku hizi tunavuka." Kwenye fremu ya mlango, upande wa nje, niliona michoro miwili imekwaruzwa na msumari, mmoja juu ya mwingine. Sikuuliza, njaa ilikuwa inauma na sato alikuwa yuko mezani na ugali wa muhogo.

Jumatatu

Leo ni siku ya Mirongo, ule mto wa chini kwa mama mdogo, na ndo siku nitakayoiandika kwa urefu.

Binamu yangu ana bodaboda, kaahirisha kazi mpaka mchana anisindikize. Tumeanzia juu ya daraja la Mabatini, barabara ya Nyerere, saa moja asubuhi, kelele za daladala zimeshaanza na akina mama wameshapanga nyanya na dagaa pembeni. Ukiinama pale darajani unaona mto wenyewe sio mpana, sehemu nyingine kijana mwenye miguu mirefu anauruka, maji ya rangi ya chai iliyokolea yanapita katikati ya kingo za zege na mawe, na pembeni pote kuna plastiki, chupa, mifuko, kandambili moja moja, nguo zilizoviringika kwenye nondo. Harufu ipo, siwezi kusema haipo.

Kitu cha kwanza nilichokiona, na kilinisumbua njia nzima, ni kwamba nyumba zote zimeupa mto mgongo. Hakuna mlango wa mbele unaoutazama. Unaona vyoo, majiko ya nje, uzio wa mabati, bomba limechomoza ukutani linadondosha maji ya sabuni, banda la kuku. Amsterdam ni kinyume kabisa, nyumba zote kule zimeugeukia mfereji kama watu wanaokaa kupokea mgeni, na juu kabisa kwenye paa kila nyumba ya zamani ina boriti yenye ndoano, kwa sababu boti ilikuwa inakuja na mzigo mpaka mlangoni, kamba inapitishwa kwenye ndoano, gunia linavutwa linaingizwa dirishani ghorofa ya tatu. Maji yalikuwa barabara yao, ndo maana wakayaheshimu. Mirongo haujawahi kubeba mzigo wa mtu, huu ulikuwa mto wa kuteka maji na kumwagilia mboga, mji ukaja ukausogelea, bomba likafika, na siku watu walipoacha kunywa maji yake ndo waliacha kuutazama. Hayo ni mawazo yangu, yalinijia nikiwa natembea.

Tukashuka hivyohivyo, mahali pengine kuna kinjia kando ya ukingo, mahali pengine inabidi uzunguke mtaa mzima urudi tena mbele. Kuna sehemu watu wamelima magimbi na mchicha kwenye kipande cha udongo kama upana wa kitanda, kijani kibichi kabisa. Kuna vijana wanaosha pikipiki. Tulianza kuhesabu madaraja ya miguu, mengine ya zege, mengine mbao mbili zimefungwa na waya, tukaachia njiani.

Sehemu moja tulimkuta mzee mmoja fundi anakunja bati la majiko ya mkaa chini ya mwembe. Binamu akamwamkia, "Shikamoo baba," mimi nikaongeza Mwangaluka, salamu ya Kisukuma, akafurahi akaacha nyundo. Nikamweleza tunaufuata mto mpaka ziwani. Kijana wake aliyekuwa anapiga rangi akasema, "Dada, huo mtaro una kilomita ngapi kwani?" Mzee akamgeukia, akamwambia kwa sauti ya chini lakini kali, "Mtaro hauna jina. Huu una jina, unaitwa Mirongo." Kisha akatusimulia kwamba alipokuwa mdogo mvua zikianza walikuwa wanashika kambale hapohapo, wanapanda kutoka ziwani wanakuja kutaga, wanawashika kwa tenga. Alionyesha ukubwa kwa mkono, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole.

Neno lake hilo nimelibeba siku zote sita.

Mbele kidogo, nyuma ya maduka, ukingo umebomoka na nondo moja imechomoza juu ya maji. Juu ya ile nondo alikuwa amekaa mdiria, yule ndege mdogo mgongo wa bluu kifua cha rangi ya machungwa. Nikamshika binamu mkono tukasimama. Ndege anainamisha kichwa, anakiinua, anainamisha. Chini yake kuna gunia la saruji limeoza na chupa tatu zinazunguka mahali pamoja. Akadondoka kama jiwe, akarudi palepale, na mdomoni ana kitu chembamba cheupe kinachezacheza, akakigonga kwenye nondo mara mbili akameza. Yaani samaki bado wamo. Na uchafu wote ule samaki wamo. Binamu yangu ambaye amekaa Mabatini maisha yake yote alisema hajawahi kumwona ndege huyo pale, halafu akasema labda hajawahi kusimama.

Mto unapoingia ziwani hakuna kibao wala kitu cha kukwambia umefika. Maji ya kahawia yanatoka, yanakwenda mbele hatua kadhaa bila kuchanganyika na ya ziwa, kuna mstari kabisa unauona, halafu gugumaji limejikusanya pembeni na makongoti wamesimama kama wazee wa baraza. Vijana wawili walikuwa wanavua kwa ndoana kwenye mstari huohuo, wanasema samaki wanapenda pale maji mawili yanapokutana.

Jioni kwa mama mdogo binamu akaniuliza, "Dada, kwani hao Wazungu hawatupi taka kwenye mifereji yao?" Nikamwambia wanatupa, Amsterdam kila mwaka wanaopoa maelfu ya baiskeli chini ya maji na mashine, na mpaka miaka ya 1980 kulikuwa bado na nyumba za mifereji hiyohiyo mizuri ya kwenye picha zinazotiririsha vyoo humohumo. Hawakuzaliwa wasafi. Na Utrecht nikawasimulia, kule miaka ya 1970 walifukia sehemu ya mfereji wa kuzunguka mji wa zamani, wakapitisha barabara kubwa ya magari, wakaona ndo maendeleo. Wakaja kujuta, wananchi wakapiga kura, wakaing'oa ile barabara na Septemba 2020 maji yakarudi. Mimi nimetembea pale, watu wanapiga makasia mahali ambapo magari yalikuwa yanapita. Mama mdogo alikuwa anachambua mchele, akauliza swali moja tu, "Barabara ya lami waliing'oa kabisa?" Nikamjibu ndiyo. Akatikisa kichwa akaendelea na mchele wake.

Jumanne

Alfajiri soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Kama unataka kuona ziwa linavyolisha watu nenda pale kabla ya saa moja. Dagaa wanavuliwa usiku, zile siku za giza zisizo na mbalamwezi, zamani kwa karabai siku hizi kwa taa za sola zinazoelea, dagaa wanafuata mwanga wavu unawazunguka kwa chini. Ndo maana wakati wa mwezi mkubwa bei inapanda, ziwa lote lina mwanga dagaa hawaji kwenye taa. Nilikuwa najua hilo tangu utotoni ila kulisikia tena kwa dada mmoja muuzaji, anakuhesabia siku za mwezi kwenye vidole kama mhasibu, lilinipendeza mno.

Magunia yanapangwa mpaka darini, mengine yanakwenda Kongo, Burundi, kuna mtu anapiga simu kwa Kifaransa, mwingine kwa Kisukuma, wabeba mizigo wanapita mbio wanasema pisha pisha pisha. Kayabo, wale sangara wa chumvi waliokaushwa, zimepangwa kama mbao. Nimenunua dagaa sado mbili za kupeleka Dodoma, nikachaguliwa wale waliokauka kwenye chanja sio mchangani, tofauti unaijua ukitafuna.

Dada yule aliniambia pia kitu kuhusu 2020, mwaka ule ziwa lilipojaa likavunja rekodi ya 1964. Maji yalikuja yakaingia kwenye mabanda ya watu wa ufukweni, yakakaa miezi. Sio mafuriko ya kuja na kuondoka, maji yamekuja kukaa. Wengine walihamisha biashara moja kwa moja.

Mchana nimelala. Jioni tukapita Makoroboi, mtaa ule wa kwenye mawe waliokuwa wanatengeneza vibatari vya makopo, tukanywa chai ya tangawizi basi.

Jumatano

Saanane. Boti inatokea Capri Point, dakika chache tu upo kisiwani. Hii ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na ndo ndogo kuliko zote nchini, kabla ya hapo ilikuwa bustani ya wanyama ya kwanza Tanzania, ilianzishwa 1964, na jina ni la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mkulima na mvuvi wa kisiwani. Swala wapo, pimbi wapo kila jiwe, mijusi wenye vichwa vyekundu wanapiga pushapu kwenye jua. Pazuri, familia nendeni.

Lakini kwangu kilichonipa thamani ya safari ni kugeuka nikiwa kwenye boti. Mwanza ukiitazama kutoka majini ni mji mwingine kabisa. Unaona vilima vyote kwa pamoja, hospitali ya Bugando juu imekaa kama ngome, nyumba zimepanda mawe mpaka kileleni, na lile jiwe la Bismarck limesimama majini limebebana. Na hapo ndo nikaelewa Mirongo. Vilima vyote vile ni mwamba mtupu. Mvua ikinyesha juu ya mwamba haina pa kunywewa, haina udongo, haina miti ya kuishika, na sasa juu yake kuna mabati na zege, kwa hiyo maji yote yanateremka kwa wakati mmoja kuja kwenye kamto kale kanachorukwa na kijana mwenye miguu mirefu. Delft shida yao ni tofauti, kule ardhi ni tambarare, mashamba ya pembeni yako chini ya usawa wa bahari, maji hayaendi popote mpaka uyasukume na pampu, yanakaa. Sisi Mwanza tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na maji yetu yana haraka. Walimu wa Delft walitufundisha namna ya kuyafukuza maji, na kwetu hapa kazi ni kuyachelewesha, miti kule juu, mabwawa madogo ya kuyapumzisha, na kuuacha mto upana wake. Nilikaa kwenye benchi la kisiwani nikayaandika haya kwenye daftari nyuma ya tiketi zangu, swala mmoja anakula majani karibu yangu.

Alhamisi

Leo ni ng'ambo.

Mpango ulikuwa twende Sengerema kumwona mama mkubwa, dada yake mama mdogo. Mimi nilitaka nivuke na kivuko cha Kamanga halafu nirudi kwa daraja jipya, nizunguke ghuba yote. Mama mdogo akasema yeye kwenye maji hapandi, atapita darajani kwa haisi na binamu, tukutane hukohuko.

Nilikuwa najua sababu. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza kidogo kufika Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa, na rafiki yake wa kusuka naye nywele tangu wasichana alikuwemo. Wengi wamezikwa Igoma pale. Tangu siku hiyo mama mdogo hajapanda chombo chochote cha majini. Na watu hawaelewi hilo lilimaanisha nini kwake, dada yake anakaa Sengerema, unamwona kabisa upande wa pili wa maji, na miaka yote ili ufike ilikuwa lazima upande pantoni, Kamanga au Kigongo, la sivyo uzunguke njia ya mbali mno. Alikosa harusi mbili. Alikosa msiba wa mtoto wa dada yake, na huo hausemi.

Kwa hiyo asubuhi tukaagana kila mtu na njia yake. Kivuko cha Kamanga kinaondokea mjini kabisa, unatembea kwa miguu kutoka madukani unapanda. Malori mawili, pikapu ya mbuzi, magari madogo, pikipiki, halafu watu na mabeseni. Nilisimama mbele kwenye reli. Injini ikanguruma, gati likaanza kurudi nyuma, upepo ukaja una harufu ya samaki na dizeli. Bibi mmoja pembeni yangu alifumba macho tangu tunaondoka, midomo inachezacheza anasali, tulipofika katikati akayafumbua akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia. Akasema leo tumekwenda vizuri. Inachukua kama nusu saa hivi, na katikati ya ghuba kuna muda husikii kelele za mji wala za ng'ambo, injini tu na maji, mitumbwi miwili ya tanga kwa mbali.

Nimepanda boti za Amsterdam zile za vioo, unakaa umevaa spika za masikioni unasikiliza historia ya karne ya kumi na saba kwa lugha unayotaka, na ni nzuri, sitaki kuzisema vibaya. Ila kwenye kivuko cha Kamanga hakuna mtalii, wote tuna mahali tunapokwenda, na mama aliyekuwa amekaa kwenye gunia la kabeji alinipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma bila kuniuliza jina. Ukitaka kuujua mji wa maji panda chombo wanachopanda wenyeji kwenda kazini, hilo ningemwambia mtu yeyote.

Kamanga nikapata haisi mpaka Sengerema mjini. Nilipofika nyumbani kwa mama mkubwa mama mdogo alikuwa ameshafika, wamekaa wawili kwenye mkeka chini ya mpapai, wamenyoosha miguu, wanaongea Kisukuma kwa kupokezana mpaka huelewi nani kasema nini. Walikuwa wameshikana mikono muda wote. Mama mkubwa alinisalimia akasema, "Wabheja mayu, asante, umeniletea mdogo wangu." Nikamwambia sio mimi ni daraja, akasema hata hilo daraja nalishukuru.

Kurudi tukarudi wote. Kabla ya Busisi foleni ya zamani haipo, zile saa za kusubiri pantoni na mahindi ya kuchoma zimekwisha, na niliwawazia wauza mahindi wale maana maisha yao yalikuwa ni ile foleni. Daraja la Kigongo–Busisi, sasa ni Daraja la J.P. Magufuli, lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3, na nguzo za katikati zimeshikwa na nyaya kama vinubi. Mama mdogo alikaa dirishani. Asubuhi, binamu alinong'oneza, alipita amejifunika kitenge kichwani mwanzo mpaka mwisho. Safari hii kitenge kilikuwa mapajani. Tulipoingia juu ya maji mkono wake ukanishika paja kwa nguvu, ukabaki pale, lakini uso ulikuwa kwenye kioo. Jua linazama upande wa Geita, ziwa lote limetulia, chini kabisa mtumbwi mmoja na mtu mmoja ndani yake anatupa wavu. Hakusema neno mpaka tumefika Kigongo. Ndipo akasema, "Kumbe ni zuri hivi." Basi. Mimi niligeuka upande mwingine kufuta macho.

Ijumaa

Basi langu ni kesho alfajiri, leo nilipanga nirudi kwa yule mzee fundi nikanunue jiko. Mvua ikaanza saa kumi na moja, mvua ya Machi yenyewe. Kulipopambazuka nikatoka barazani kutazama vilima, na juu ya kila jiwe kulikuwa na mistari myeupe inashuka, mamia ya mistari, kama mtu kamwaga maziwa kileleni. Nusu saa haikwisha mto ukaanza kusikika. Sio sauti ya maji tu, kuna sauti nyingine ndani yake, mawe madogo yanagongana.

Jirani wa bondeni zaidi wakaanza kupandisha vitu, watoto wamebeba magodoro kichwani, binamu akaenda kuwasaidia na mimi nikamfuata. Chini ya kidaraja cha miguu taka zimeziba, mti mzima umejilaza pale na chupa zote za Mabatini zimejipanga nyuma yake, maji yakakosa njia yakaanza kuja mtaani. Vijana watatu wakaingia na mitaimbo na kamba, wanavuta, wanapiga kelele kwa pamoja, na yule kijana wa mzee aliyeuita mtaro alikuwemo, maji ya kifuani. Walivyoung'oa ule mti mto ukashuka ghafla kama umevuta pumzi.

Nilirudi nyumbani nimelowa mpaka mfupani. Maji yalikuwa yamefika mlangoni, ya kahawia, yamesimama kwenye kile kizingiti yanacheza taratibu, upana wa vidole vinne hivi kabla hayajaingia. Nilikumbuka Venezia, sijafika ila kwenye kozi walituonyesha, wenye maduka kule wanapachika kibati mlangoni ziwa la bahari likijaa, wateja wanavuka kwa mguu. Hapa kizingiti kakijenga mama mdogo mwenyewe kwa mifuko miwili ya saruji na pesa ya kikoba. Yeye alikuwa ndani kwenye kigoda anachambua dagaa wangu, anatoa mchanga na vigamba, anawafunga kwenye mifuko midogo midogo nisiwabebe kwa gunia. Alinitazama akasema, "Vua hizo nguo mayu, chai iko kwenye chupa."

Saa nne maji yakaanza kurudi. Yaliacha tope laini kizingitini, limeng'aa kama limepakwa mafuta. Mama mdogo akanyanyuka, akachukua msumari juu ya fremu alikokuwa ameuficha, akainama akakwaruza mstari wa tatu chini ya ile miwili, akaupuliza vumbi, akaniambia huo ni wa kwako umeukuta, halafu akanipa fagio.